Maswali Yenu: Saa ya Msafiri na Bei ya Kuikaribia Nuru

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tanga mjini na wilaya zake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu akisafiri kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, je, kweli atarudi kijana na kuwakuta wenzake wamezeeka? Na kama ni kweli, kinachotuzuia kwenda ni nini? Tumechagua sita. Kasi ya nuru tuliyotumia ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Hayo si makadirio: tangu 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kasi hiyo.

Hapa barazani kwetu, kwenye kahawa, tumebishana wiki nzima. Mimi nashikilia kwamba ni saa tu inayoharibika kwa mwendo, kama saa ya mshale inavyopoteza majira ikitikiswa. Mwenzangu anasema ni wakati wenyewe. Nani yuko sawa?
*Msomaji, Barabara ya 12, Ngamiani*

Mwenzako. Kama mwendo ungekuwa unaharibu mitambo, basi saa ya mshale, saa ya atomi na mapigo ya moyo vingechelewa kila kimoja kwa kiasi chake, maana havikuundwa sawa. Vinachelewa kwa uwiano uleule. Na aliyemo chomboni haoni tofauti yoyote: chai yake inapoa kwa muda uleule, na moyo wake unapiga kama kawaida kwa saa yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote umetokana na kitu kisicho na gurudumu wala spiringi. Muoni ni chembe inayozaliwa juu angani, kama kilomita 15 kutoka ardhini, pale miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Ikiwa imetulia, huishi kwa wastani maikrosekunde 2.2, kisha huvunjika. Hata ikikimbia karibu sawa na nuru, kwa muda huo ingekwenda mita 660 tu kwa wastani. Lakini muoni zinatufikia huku chini usiku na mchana. Katika jaribio lililochapishwa 1963, watafiti walihesabu muoni 563 kwa saa juu ya Mlima Washington huko Marekani, mwinuko wa karibu mita 1,900, kisha wakahesabu tena usawa wa bahari. Kama wakati usingechelewa, zingebaki 27. Walihesabu takriban 400. Huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kwa matokeo ya 1977, muoni zilizozungushwa kwa kasi ya kurefusha wakati mara 29.3 ziliishi maikrosekunde 64.4. Zidisha 2.2 kwa 29.3 uone mwenyewe.

Simu iliyo mfukoni mwako nayo inategemea jambo hili. Setilaiti za GPS zinakwenda karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Kwa mwendo huo saa zao hubaki nyuma maikrosekunde 7 kila siku. Na kwa kuwa ziko juu, ambako uvutano wa dunia ni hafifu, hutangulia maikrosekunde 45. Jumla ni kutangulia 38. Zisiporekebishwa, kosa la umbali lingekua kwa takriban kilomita 11 kila siku, na ramani ingekuonyesha uko baharini ilhali umesimama stendi.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Naomba hatua za kukokotoa, maana kikokotoo changu kinanipa 1 kila nikijaribu na kasi ya basi la Dar.
*Mwanafunzi, Chumbageni*

Marahaba. Hatua ni chache. Kwanza badili kasi iwe mita kwa sekunde, uigawe kwa kasi ya nuru. Utapata desimali iliyo chini ya 1. Ipandishe kipeo cha pili. Itoe katika 1. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Halafu gawa 1 kwa hicho ulichopata. Namba inayotoka ndiyo kizidishi, ambacho wanafizikia hukiandika kwa herufi ya Kigiriki gama. Kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru: 0.8 kwa kipeo cha pili ni 0.64, 1 toa 0.64 ni 0.36, kipeuo chake 0.6, 1 gawanya kwa 0.6 ni 1.667. Yaani mwaka mmoja chomboni ni mwaka mmoja na miezi minane kwa waliobaki.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili: kusahau kipeo cha pili, na kuchanganya kilomita kwa saa na mita kwa sekunde. Lako ni la aina ya tatu, na si kosa lako. Kikokotoo cha tarakimu kumi hakiwezi kushika tofauti ndogo kiasi hicho, kwa hiyo kinaikata na kubakiza 1. Kwa kasi za barabarani acha njia ndefu. Chukua ile desimali, ipandishe kipeo cha pili, igawe kwa 2. Hiyo ndiyo ziada iliyo juu ya 1. Basi la kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Ziada yake ni kama 2.75 ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Kwa safari ya kilomita 350 bila kusimama popote, abiria anashuka Dar saa yake ikiwa nyuma kwa sekunde 43 zilizogawanywa kwa trilioni moja.

Upande wa pili, kasi ikiwa na tisa nyingi kama 0.9999, kikokotoo kinaweza kukosea vilevile. Hapo chukua kile kilichopungua kufikia 1, kizidishe kwa 2, tafuta kipeuo cha pili, kisha ugawe 1 kwa jibu. Kwa 0.9999 kilichopungua ni 0.0001, na kizidishi kinatoka 70.7.

Ninafundisha fizikia Muheza, na swali hili hunishinda darasani. Tunasema mwendo wote ni wa kulinganisha. Basi pacha aliye chomboni naye ana haki ya kusema kwamba yeye ametulia na dunia ndiyo iliyokimbia. Kwa nini basi asiyezeeka awe yeye, wala si aliyebaki?
*Mwalimu, Muheza*

Mwalimu, tunakushauri uache maneno na uhesabu salamu. Wanafunzi hubishana na maneno, hesabu wataikubali.

Waite mapacha Kulwa na Doto. Kulwa anabaki Tanga. Doto anakwenda kwenye kituo kilicho umbali wa miaka minne ya nuru, yaani umbali ambao nuru huukata kwa miaka minne, kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, anageuka papo hapo, anarudi kwa kasi ileile. Kwa saa ya Kulwa, kwenda ni 4 gawanya kwa 0.8, yaani miaka 5, na kurudi 5, jumla 10. Kwa saa ya Doto ni miaka 3 na 3, jumla 6. Wameagana kwamba kila mmoja atamtumia mwenzake salamu kwa redio kila mwezi, kwa saa yake mwenyewe. Kulwa basi atatuma 120, na Doto 72.

Sasa salamu zinafika kwa nafasi gani? Doto anapoondoka, mwezi mmoja wake ni 5/3 ya mwezi wa Kulwa, na ndani ya muda huo amesogea mbali zaidi kwa 4/3 ya mwezi wa nuru. Salamu ya pili ina safari ndefu kuliko ya kwanza kwa kiasi hicho. Kwa hiyo Kulwa anazipokea kila baada ya 5/3 jumlisha 4/3, yaani miezi 3. Doto akirudi, umbali unapungua: 5/3 toa 4/3 ni 1/3 ya mwezi, salamu tatu kila mwezi. Kanuni ni hiyohiyo kwa Doto anayepokea za Kulwa, na hapa ndipo dai la "mwendo ni wa kulinganisha" linapotimia kikamilifu: wakiachana, kila mmoja anamwona mwenzake polepole mara tatu, wakikaribiana, kila mmoja anamwona mwenzake haraka mara tatu.

Tofauti iko kwenye muda wa kila hali. Doto anaona mabadiliko pale pale anapogeuza chombo, katikati kabisa ya safari yake. Miezi 36 ya kwanza anapokea salamu 12. Miezi 36 ya mwisho anapokea 108. Jumla 120. Kulwa hageuki, wala hajui kwamba Doto amegeuka mpaka habari imfikie. Doto amegeuka mwaka wa 5, na habari inahitaji miaka 4 njiani, kwa hiyo Kulwa anaendelea kupokea salamu za polepole hadi mwaka wa 9: miezi 108, salamu 36. Mwaka wa mwisho tu ndio anapokea za haraka: miezi 12, salamu 36 nyingine. Jumla 72.

Hakuna salamu iliyopotea na wote wawili wanakubaliana: Doto amepokea za miaka kumi, Kulwa amepokea za miaka sita. Aliyegeuka ni mmoja, na ndiye aliyeishi muda mchache. Mwanafunzi akisema sababu ni maumivu ya mwili wakati wa kugeuka, au kwamba mchapuko wenyewe, yaani kubadilika kwa mwendo, ndio uliopunguza saa, mrudishe kwenye hesabu hii: hakuna sehemu ya miaka iliyokatwa wakati wa kugeuka. Kugeuka kunaonyesha tu ni nani aliyebadilisha njia. Mfaransa Paul Langevin alimweleza msafiri wa aina hii tangu 1911, na bado vitabu vingi vya shule vinalipita jambo hili kwa aya moja, jambo tunaloliona ni hasara kubwa kwa wanafunzi.

Nyongeza ndogo ambayo wasomaji wawili wameiuliza: Doto afungashe chakula cha miaka mingapi? Sita. Tumbo nalo linafuata saa ya chombo.

Mimi ni fundi umeme. Naomba jibu kwa uniti: kilo moja tu kuifikisha kwenye kasi hizo inakula uniti ngapi?
*Fundi, Mabokweni*

Swali hili ndilo tungependa kila mtu aanze nalo, kwa sababu wakati haulipishwi chochote. Kinacholipishwa ni mwendo.

Kanuni ni hii: chukua kizidishi, toa 1, zidisha kwa masi, zidisha kwa kipeo cha pili cha kasi ya nuru. Kwa kilo moja, masi mara kipeo cha pili cha kasi ya nuru ni juli 90,000 trilioni kwa kukadiria. Kwa asilimia 80 kizidishi toa 1 ni 0.667, nayo inatoa juli 60,000 trilioni. Uniti moja ya LUKU ni juli milioni 3.6. Gawanya: uniti bilioni 16.6 kwa kilo moja. Gramu moja peke yake ni uniti milioni 16.6.

Tuitazame kwa mtambo wa jirani. Kituo cha New Pangani Falls kina uwezo wa megawati 68. Kikizalisha kwa uwezo wote bila kuzimwa hata dakika, na umeme wote ukaingia kwenye mwendo bila upotevu, kuifikisha kilo moja kwenye asilimia 10 ya kasi ya nuru kungechukua siku 77. Asilimia 50, miaka sita na nusu. Asilimia 80, miaka 28. Asilimia 99, miaka 255. Asilimia 99.9, karibu miaka 900. Ukipeleka ile ya asilimia 80 kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ni miezi 11 hivi, bado kwa kilo moja ileile.

Ukitumia kanuni ya kawaida ya shuleni, nusu ya masi mara kipeo cha pili cha kasi, utadanganyika. Kwa asilimia 10 inakosea kwa chini ya asilimia moja, hakuna neno. Kwa asilimia 50 inapunguza karibu sehemu moja ya tano. Kwa asilimia 80 inakupa chini ya nusu ya bili halisi.

Na hapo hatujagusa mafuta. Mtambo wa Pangani unabaki Pangani, lakini roketi inabeba mafuta yake, na mafuta ya mwisho lazima yasukumwe na mafuta ya mwanzo. Roketi bora za haidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa karibu kilomita 4.5 kwa sekunde. Ili zifikie asilimia 10 tu ya kasi ya nuru, uzito wa kuondoka ukigawanywa kwa uzito wa kufika ni namba yenye tarakimu zaidi ya 2,800. Mafuta ya aina hiyo hayatoshi hata ulimwengu mzima ukigeuzwa kuwa tangi.

Injini bora kabisa inayoruhusiwa na fizikia ingeunguza mata na antimata, kinyume chake ambacho kikiigusa vyote viwili huangamia na kuwa nishati, na kutoa nuru tupu kwa nyuma. Hata hiyo, kufikia asilimia 80 inadai uondoke na kilo 3 kwa kila kilo moja inayofika. Ukitaka kusimama ufikapo, zidisha tena kwa 3: kilo 9. Ukitaka kurudi nyumbani na kusimama, kilo 81. Chombo cha tani 100 basi kingeondoka na tani 8,100, na nusu ya mafuta, tani 4,000, ingekuwa antimata. Antimata yote iliyowahi kutengenezwa na wanadamu haifiki sehemu moja ya milioni ya gramu. Tena antimata ya protoni ikikutana na protoni haitoi nuru iliyonyooka nyuma. Inatoa chembe mbalimbali na miale ya gama inayotawanyika kila upande, na hakuna kioo kinachoweza kuirudisha.

Mwili wa mtu wenyewe si kikwazo. Ukichapuka kwa kiasi kile kile cha uzito tulio nao duniani, unafikia asilimia 80 kwa muda wa mwaka mmoja na wiki chache wa saa ya chombo, ukiwa umesimama wima kama uko sebuleni. Kikwazo ni tangi.

Nilisoma kwamba kitu kikikimbia sana kinazidi uzito mpaka hakisukumiki. Ni kweli?
*Msomaji, Makorora*

Ni namna ya zamani ya kusema. Siku hizi masi huachwa ilivyo, na kinachosemwa kukua ni nishati na msukumo wa mwendo. Mfano uko kwenye mtambo wa LHC wa CERN, unaoharakisha protoni kwenye mzingo wa kilomita 27. Protoni zinaingia zikiwa tayari ziko nyuma ya nuru kwa takriban mita 650 tu kwa sekunde. Mtambo unazidisha nishati yao zaidi ya mara 15, na kwa gharama yote hiyo zinatoka zikiwa nyuma ya nuru kwa mita 3 kwa sekunde. Nishati imepata pa kwenda; kasi haikuwa na nafasi tena. Mkondo mmoja uliojaa, kwa kipimo kilichokusudiwa mtambo ulipobuniwa, una protoni zenye uzito wa karibu nusu ya sehemu moja ya bilioni ya gramu, na ndani yake mna takriban uniti 100 za umeme.

Sisi wavuvi tunajua kwamba hatari haiko kwenye mwendo, iko kwenye mwamba usiouona. Huko angani kuna nini cha kugonga?
*Mvuvi, Sahare*

Umeliona jambo ambalo wengi hulisahau. Nafasi kati ya nyota si tupu. Ina haidrojeni kidogo sana, kwa kukadiria atomi moja katika kila sentimita ya ujazo, sehemu nyingine pungufu. Kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, atomi hizo zinakuja kwenye omo ya chombo kama mionzi mikali. Kila mita ya mraba ya mbele ingepokea karibu kilowati 40, sawa na mabirika 20 ya umeme yakichemka mfululizo kwa miaka. Kila protoni ingepenya kiasi kwamba kuizuia kunataka ukuta wa maji wa kama mita moja na nusu, na ukuta huo nao ni uzito wa kulipiwa kama tulivyoeleza kwa fundi wa Mabokweni.

Mwamba wako wenyewe unaweza kuwa mdogo kama punje ya mchele. Miligramu 20 kwa kasi hiyo ni uniti 330,000, ambazo nyumba inayotumia uniti 100 kwa mwezi ingezimaliza kwa zaidi ya miaka 270. Zote zinatoka kwa mpigo mmoja, kama tani 280 na zaidi za baruti ya TNT. Kukwepa haiwezekani: rada ikikiona kitu kilomita 100,000 mbele, una sehemu ya nne ya sekunde kati ya kupata habari na kugongwa, au chini ya hapo.

Ndiyo sababu mipango ya kweli inalenga vitu vidogo na kasi za chini. Chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyotengenezwa, Parker Solar Probe, kilifikia karibu kilomita 192 kwa sekunde kilipolipita jua Desemba 2024, na hiyo haifiki hata asilimia 0.1 ya kasi ya nuru. Mradi wa Breakthrough Starshot uliotangazwa 2016 ulipendekeza tanga jepesi la gramu chache lisukumwe na leza za gigawati 100 kutoka ardhini, ili injini na mafuta vibaki nyumbani, hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru. Kwa kasi hiyo kila gramu inabeba uniti 515,000. Nyota ya jirani, Proxima Centauri, iko miaka 4.24 ya nuru. Tanga lingeifikia baada ya miaka 21 ya kwetu, lipite bila kusimama, saa yake ikiwa nyuma ya zetu kwa miezi mitano, na picha zake zingetufikia miaka minne na miezi mitatu baadaye.